Nikajiambia ni Taa

Nairobi,
9 Machi 2024

Kwa dadangu mpenzi Shekha,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mansur, na Mahira, na mama yetu. Mimi sijambo, ila vumbi la huku limenikaa kifuani. Miguu ya mama vipi? Nimempa kondakta wa basi yale mafuta ya kuchulia aliyoniagiza; atayaacha dukani kwa Mansur pamoja na barua hii. Ramadhani inabisha hodi, na mwaka huu tena nitafuturu kwa watu.

Utashangaa kuona nakuandikia kwa kalamu kama nilivyokuwa nikikuandikia nikiwa shule ya bweni. Sina njia nyingine. Nikikupigia, simu inakatika kabla haijaita. Mwanzo nilidhani ni mtandao. Kisha nikapiga kwa simu ya mwenzangu, ukapokea, ukaisikia sauti yangu, ukakata. Rafiki yangu Gerishom naye hapokei. Yeye hata kwa simu ya mtu mwingine hapokei.

Kama ni ile sehemu ya tamthilia iliyoonyeshwa Jumapili, nakuomba usiisikilize midomo ya watu. Huku imependwa mno. Watu wananisimamisha njiani wananiita Daktari Hamza, kana kwamba jina la Seif sikupewa na mtu. Nilitaraji wa nyumbani ndio wafurahi mwanzo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuvaa glavu bila kuzichafua, na kumshika mgonjwa mkono kabla ya kumwambia lolote. Kila nikisimama mbele ya kamera nakukumbuka.

Niambie nimekosa nini. Mdogo hukosa, mkubwa akamwonya. Kunyamaza si kuonya.

Msalimie mama, mwambie namwombea. Mbusu Mahira.

Nduguyo,
Seif


Malindi,
2 Aprili 2024

Kwa ndugu yangu Seif,

Marahaba. Barua yako ilifika kabla ya mwezi kuandama, nikaiweka. Mansur ananiuliza kila siku kama nimejibu. Tumo katika kumi la mwisho sasa, na sitaki Idd inikute hivi nilivyo.

Mama hajambo. Uvimbe umeshuka, na mafuta yako ameyapenda. Mahira amejitahidi kufunga mwaka huu, hajala hata siku moja. Duka la Mansur la vipuri linakwenda. Tuktuk haziishi kuharibika Malindi hii. Ila kila jioni tukitandika, mama anauliza mbona Gerishom haji. Unajua mwenyewe, tangu alipoletwa kwetu kutoka Tezo asome nawe sekondari, mkalala chumba kimoja, Mkristo yule hajawahi kuikosa futari ya mama. Namwambia mama ana zamu. Naongopa nimefunga.

Sasa sikiliza. Jumapili ile niliitazama tamthilia yako nikiwa na mama na Mahira. Nilimwona Daktari Hamza akimwacha mzazi anayevuja damu mpaka akafa. Kisha nikamwona amekaa peke yake, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akasema: "Nilimwona anapauka, nikajiambia ni taa."

Mahira akasema, "Mama, huyu si Ami Gerishom?" Mtoto wa miaka minane.

Maneno yale Gerishom aliniambia mimi, katika chumba cha kuoshea vyombo, siku aliyokufa Pola, mke wa Ngumbao. Hapakuwa na mtu mwingine. Mvua ilikuwa imekata umeme kituoni petu, tukawasha zile taa za sola zinazomfanya kila mtu aonekane kapakwa majivu. Pola alijifungua salama, mtoto wa kike. Gerishom, tabibu wa zamu, akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Aliporudi aliiona midomo ya Pola imepauka, akangoja. Alipoagiza gari la wagonjwa, muda ulikuwa umepita. Pola alikata roho njiani kuja Malindi. Mkubwa wa kituo akamwambia Ngumbao damu ilitoka ghafla, hapakuwa na la kufanya. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Ngumbao alitushukuru, Seif. Baada ya matanga alirudi na gunia la mihogo, akasema tule, tulihangaika sana na mke wake.

Ulipokuja likizo nilikwambia hayo jikoni kwangu kwa sababu nilishindwa kuyabeba peke yangu. Nilimwambia ndugu yangu. Na nilimwambia rafiki yake Gerishom, nikidhani utamtazama kwa huruma.

Siku ya pili baada ya tamthilia Gerishom aliniuliza neno moja tu. "Ulimwambia Seif?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Tangu hapo ananiita Sista. Alikuwa akiniita dada.

Nijibu hili kwa kalamu, maana kwa simu sitakusikiliza: maneno yale aliyaweka nani kinywani mwa huyo Hamza?

Dadako,
Shekha


Nairobi,
21 Aprili 2024

Dadangu Shekha,

Shikamoo. Idd mubarak, ingawa imekwisha. Nilisali uwanjani na watu wa pwani wanaoishi huku, tukala biriani iliyopikwa na mtu asiyejua biriani. Mvua zimeanza vibaya. Mtaa wetu umejaa maji. Nasikia na huko mto Sabaki umefura. Mama asitoke nje ovyo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Dada, tamthilia ni kazi ya watu wengi. Kuna waandishi, wao hutafuta visa kila mahali, magazetini na mahospitalini. Mimi hupewa karatasi nikaisoma. Wazazi kuvuja damu si jambo la kituo chenu peke yake. Na maneno kama yale daktari yeyote anaweza kuyasema. Ukimwona mtu na miwani ukasema ni Gerishom, basi kila mwenye miwani ni Gerishom.

Isitoshe, sisi tulionyesha taabu ya matabibu, wanavyofanya kazi bila umeme na bila wenzao. Walioitazama wamemhurumia Hamza. Ningekuwa Gerishom ningefarijika.

Naona unaniandikia kama mshtakiwa. Mimi ni yuleyule Seif.

Msalimie mama na shemeji.

Nduguyo,
Seif


Malindi,
3 Juni 2024

Kwa Seif,

Marahaba. Mama alikuwa na homa, amepoa. Shule ya Mahira ilifungwa kwa mafuriko kisha ikafunguliwa. Mansur anakusalimu.

Nilikuuliza nani, ukaniambia habari za mvua na waandishi. Sikuuliza tena, wala leo siulizi.

Nakuandikia lililotokea. Ngumbao alikuwa mjini kuuza nanasi Jumapili ile ya tamthilia, akaingia hotelini kunywa chai, na televisheni ilikuwa wazi. Alikuona. Alikaa na jambo hilo mpaka mvua zilipotulia, kisha akaja kituoni. Amembeba yule mtoto mgongoni kwa leso, kama mwanamke, maana hana wa kumwachia. Wazazi waliokuwa foleni wakamwamkia, hakuitikia. Akamwendea Gerishom mezani pake akasimama.

"Daktari," alisema, "ulimwona?"

Gerishom alivua miwani. Alifungua kinywa. Najua alikuwa anataka kujibu, Seif, nimefanya kazi naye miaka, naijua sura yake. Mimi ndiye niliyewahi. Nikamshika Ngumbao bega, nikamwambia, "Baba, ule ni mchezo wa televisheni. Watu hutunga."

Ngumbao akanitazama. "Na wewe Sista ulikuwapo," akasema. "Mchezo ule ulikuwa na mvua. Ulikuwa na taa. Aliyeutunga alikuwapo?"

Akaondoka. Wiki iliyofuata alipeleka mashtaka, na kikao cha nidhamu kitakaa Kilifi mwezi wa saba. Nimeitwa shahidi.

Gerishom hazungumzi nami. Nampa vyombo, ananipa vyombo. Juzi nilimletea sima na papa wa kukaanga alivyopika mama, akasema amekula, na nilijua hajala. Anakonda. Wenzetu wanamwepuka kwa kuogopa kuitwa kikaoni wao pia.

Basi kuna jambo moja la kumsaidia. Wazee wa kikao hawana ushahidi ila mchezo wako. Nataka uandike, mbele ya wakili, kwamba maneno yale uliyatunga mwenyewe na hukuyasikia kwa mtu. Mimi nikiulizwa nitasema hayo hayo. Gerishom hajui kuwa nakuomba hili, na asijue.

Usiniulize kama ni halali. Nimeshajiuliza.

Shekha


Nairobi,
24 Juni 2024

Dadangu Shekha,

Shikamoo dada. Nimefurahi mama kupoa. Ndani ya bahasha hii kuna ile karatasi uliyoitaka, imetiwa sahihi na muhuri wa wakili. Nimesema maneno ni ya kubuni, yametoka kichwani mwangu.

Hukuuliza tena, lakini nitakujibu. Waandishi walikuwa wameandika, "Nimeua! Nimeua!" Tuliirudia sehemu ile tangu asubuhi. Kila nikisema, inatoka kama ya mlevi. Watu wa taa wamechoka, watu wa sauti wamechoka. Mwongozaji akaniita pembeni akaniambia, "Achana na karatasi. Sema kilicho moyoni mwako." Nikatafuta moyoni mwangu, dada, sikuona kitu. Kilichokuwamo kilikuwa cha Gerishom. Nikavua miwani kama yeye, nikaipangusa kama yeye, nikasema.

Nilipomaliza, yule dada anayetupaka poda alikuwa akilia. Wakanipigia makofi. Tukaenda kula, na nilipokuwa nakula nilijua nilichokifanya. Ningeweza kumwomba mwongozaji aiondoe. Ilikuwa bado miezi miwili ionyeshwe. Sikumwomba. Nilitaka mtu mmoja huku Nairobi aseme Seif anaweza.

Mambo ya kisa chenyewe, mvua na zile taa, nilikuwa nimewapa waandishi mapema, nikawaambia ni jambo nililolisikia. Sikutaja jina. Nilidhani kutotaja jina kunatosha.

Nimemwandikia Gerishom mara tatu nikachana. Nikimaliza salamu sijui niendelee vipi. Sisi tulikuwa tukivaa shati moja kwa zamu, dada, siku za mitihani.

Kikao kikimalizika niambie, hata kwa mstari mmoja.

Nduguyo,
Seif


Malindi,
7 Agosti 2024

Kwa ndugu yangu Seif,

Marahaba. Wote hapa hawajambo. Mama amepata miwani mipya, anasoma juzuu yake bila kuisogeza dirishani. Mansur amempeleka Mahira madrasa ya Mambrui kwa likizo, nyumba imekuwa kimya.

Kikao kimekwisha. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikianza mkono unakataa.

Tulikaa chumba kidogo Kilifi, feni inazunguka. Ngumbao alikuja na shati lake la kanisani, na mtoto. Mtoto anaitwa Nelly. Alicheza chini ya meza muda wote, hakuna aliyemkataza. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtaratibu. Aliisoma karatasi yako kwa sauti. Ngumbao alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia mimi.

Wakaniletea Msahafu. Nikaapa, Seif. Nina udhu, mkono wangu juu ya Msahafu.

"Sista," mwenyekiti akauliza, "siku ile au siku nyingine yoyote, mwenzako aliwahi kukwambia kwamba aliona hali ya marehemu ikibadilika na hakuchukua hatua?"

Nikasema, "Hapana. Hajaniambia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaandika. Kisha akamgeukia Gerishom, akamwuliza kama ana neno. Wakili wake alimgusa mkono ili asiseme. Gerishom akasimama.

"Maneno yale ni yangu," akasema. "Nilimwambia Sista Shekha. Na ni kweli. Nilimwona anapauka, nikajiambia ni taa, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka iwe taa. Kama ningeagiza gari wakati ule, labda angefika."

Ngumbao hakupiga kelele, hakulia. Wala hakumtazama Gerishom. Alikuwa ananitazama mimi, na alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Mwenyekiti akaniuliza kama nabadilisha ushahidi wangu. Sikuinua kichwa. Akaandika hilo pia.

Gerishom amezuiwa kufanya kazi ya tabibu mpaka itakapoamuliwa tena. Mimi nimepewa onyo kali nikabakishwa, kwa kuwa wakunga ni wachache. Yeye aliyesema kweli ametoka na mimi niliyesema uongo nimebaki, kila asubuhi navaa sare.

Tulipotoka nilimfuata mpaka chini ya ngazi. Nikamwambia, "Gerishom, nilikuwa nataka kukuokoa."

Akasema, "Nilipokwambia siku ile sikutaka unifiche, dada. Nilitaka mtu mmoja ajue." Aliniita dada. Kisha akaondoka, na alivyoondoka nilijua ndiyo mara ya mwisho kuniita hivyo.

Kituoni sasa hakuna mtu anayesema kitu. Zamani, jambo likienda mrama, Gerishom alikuwa akitukusanya na kusema: hapa nilikosea mimi, kesho tufanye hivi. Sasa kila mtu anafunga mdomo. Tabibu mpya ni kijana mwenye adabu. Wiki iliyopita alimpa mtoto dawa kupita kiasi. Mtoto amepona, na kijana akaniomba nisimwambie yeyote. Nikakubali. Tazama tulikofika.

Nimefunga siku tatu za kaffara. Maalim alinisikiliza, akaniambia, "Hiyo ni ya kiapo. Haki ya mja irudishe kwa mwenyewe."

Sijakwenda kwa Ngumbao. Naogopa.

Shekha


Nairobi,
13 Oktoba 2024

Dadangu Shekha,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Natumai Mahira amerudi kutoka Mambrui na nyumba imepata kelele yake.

Nimekwenda kumwona Gerishom. Mama ndiye aliyenielekeza, nilimpigia kwa simu ya Mansur, usimgombeze shemeji. Yuko Mariakani kwa mjomba wake, anasimamia uwanja wa kuegesha malori. Nilishuka barabarani nikamkuta amesimama kwenye moshi, anamwelekeza dereva arudi nyuma. Ameacha ndevu. Aliponiona hakushtuka. Akanivutia kiti cha plastiki, akaniagizia chai ya maziwa. Kwa adabu, dada, kama anavyokaribishwa mtu aliyekuja na shida yake.

Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia mengi. Nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha."

Akakoroga chai yake. "Nilikutazama," akasema. "Kule hotelini kuna televisheni, wanarudia. Uliniiga vizuri. Hata miwani."



"Ila mimi sikulia," akaendelea. "Wewe ulilia pale. Machozi yakashuka taratibu, shavu moja, kisha la pili. Mimi nilikuwa nasugua sinia. Sista alikuwa ananiambia niliweke chini, nami nasugua."

Pale pale akaja utingo mmoja, amejifunga kitambaa mkononi, damu inapenya. Akamwambia Gerishom, "Wanasema wewe ni daktari, nitazamie." Gerishom alikuwa ameshainua mikono yake. Niliiona. Akairudisha mapajani. Akamwambia, "Nenda hospitali, ni hapo mbele, wakushone. Usichelewe." Utingo akasema, "Si ungeangalia tu?" Gerishom akasema, "Siruhusiwi." Yule kijana alipokwenda, Gerishom alimtazama mpaka alipovuka barabara na kuingia getini. Ndipo akageuka kwangu.

Nilimwuliza kama ananichukia. Akasema hana nafasi ya hilo. Akasema Ngumbao anamwandama kichwani usiku na mchana, wala si kwa hasira, na kwamba tangu alipotamka kweli kule Kilifi analala kidogo. Nikadhani anafungua mlango. Nikasema, "Basi labda kwa njia fulani..." Akanikatiza. "Usijipe thawabu, Seif. Njia ile sikuichagua mimi."

Alilipia chai. Akanisindikiza mpaka kituoni, akanisimamishia gari. Akasema, "Mwambie Mama nitakuja kumtazama miguu, siku ambayo Sista yuko kazini." Na kwangu akasema, "Wewe usije tena."

Nimekuandikia kama ilivyokuwa. Sikuongeza.

Dada, mimi nina wewe tu sasa. Umewahi kwenda kwa Ngumbao? Alikwambia nini? Nakuomba uniandikie. Usinifungie na huo mlango.

Nduguyo,
Seif


Malindi,
1 Desemba 2024

Kwa ndugu yangu Seif,

Marahaba. Natumai kifua kimepona. Hapa joto limeanza, mama analala barazani mchana na anakataa kuingia ndani. Gerishom alikuja kumwona kama alivyosema, nikiwa zamu. Alimkanda miguu, akala halwa, akaondoka. Mama ananisimulia kwa furaha, nami nasikiliza kama habari za mtu wa nchi nyingine. Mahira ameshika nafasi ya tatu darasani. Ndiye aliyeniambia kuwa tangazo la msimu mpya wa tamthilia limetoka, na uso wako ndio mkubwa kuliko wote. Hukunitajia hilo katika barua yako. Sikulaumu kwa kazi. Mtu lazima ale. Nasema tu kwamba hukunitajia.

Nimekwenda kwa Ngumbao. Nilipanda bodaboda mpaka njia ilipokwisha, nikamaliza kwa miguu. Alikuwa anapalilia. Aliniona tangu mbali, hakuacha jembe. Nikasimama juani mpaka alipofika mwisho wa mstari.

"Baba Nelly," nikasema, "nimekuja kusema kwamba nilikuongopea. Kituoni nilikuongopea, na Kilifi nilikula kiapo cha uongo mbele yako."

Akasema, "Najua."

"Nimekuja kuomba unisamehe."

Mtoto alikuwa kivulini anachezea maganda ya nazi, anayapanga na kuyapangua. Ngumbao akasema, "Daktari alikuja hapa kabla ya kwenda huko Mariakani. Aliniomba msamaha kama wewe. Nikamwambia, wewe ulichoka, na kuchoka nakujua. Nikamwacha. Lakini wewe Sista hukuchoka. Wewe ulinitazama usoni ukachagua. Mara mbili."

Nikasema ni kweli.

Nilidhani atanifukuza. Akaweka jembe chini, akaniletea kigoda, yeye akakaa chini mchangani. Akasema, "Msamaha sina leo. Lakini kuna kitu nakitaka kwako. Nilimwacha mke wangu mlangoni pa kituo, akaingia kwa miguu yake. Kilichofuata sikijui. Nimekisikia kwa mkubwa wenu, uongo. Nimekisikia kwa televisheni, na yule hakuwa Pola. Alikuwa msichana wa Nairobi amelala macho yamefumbwa, hata jina hakupewa. Wewe ulimshika mkono. Niambie. Toka mlangoni."

Nikamwambia, Seif. Toka mlangoni. Alivyokataa kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Alivyocheka na yule mzazi wa kitanda cha pili kwa Kigiriama, na mimi sikuelewa, wakakataa kunifasiria. Alivyomshika mtoto na kumhesabu vidole. Ngumbao aliniuliza kila kitu, alivaa nini, alikunywa chai au uji, nani alimfunika. Nilipofika pale alipoanza kulegea, nilitaka kupita haraka. Akasema, "Usikimbie." Sikukimbia. Nikamwambia na zile dakika za garini, nimempakata kichwa, na alichokisema Pola akiwa bado ana sauti. Sikuwahi kukitamka kwa mtu. Si Gerishom, si Mansur, si mama.

Ngumbao alisikia, akainama mchangani akalia. Mtoto akaja akamshika sikio. Mimi sikumgusa. Alipotulia alichukua jembe akarudi kwenye mstari wake, hakuniaga, nami nikarudi zangu. Hakusema amenisamehe, na sidhani atasema.

Jumatatu nilikwenda kwa mkubwa wa kituo pamoja na yule tabibu kijana, akaeleza mwenyewe habari ya ile dawa. Ameandikiwa onyo. Hanipendi sasa, nadhani.

Simu yangu nimeifungua, ukipiga itaita. Idd ikifika njoo. Kitanda chako kipo, na mama atataka kukuona ukila. Tutazungumza habari za Mahira na za mafuta ya miguu, na nitakupikia. Wewe ni ndugu yangu na hilo halifutiki.

Najua ukiifikia sehemu hii utakuwa unalitafuta neno moja, umerudi juu kutazama kama limekupita. Halikukupita. Alichokisema Pola garini nimemwambia mumewe. Wewe sikwambii.

Dadako,
Shekha